Nenda maji yakipwa: Everglades kwa mtu aliyekulia Mikindani

Swali: Binti yangu anaishi Miami, Florida, Marekani. Inshallah mimi na mume wangu tutakwenda kumtembelea pamoja na mjukuu wetu wa miaka 9. Binti anataka kutupeleka mbuga ya Everglades, na anasema twende Julai. Kwenye simu nimeona mamba, chatu na zile mashua za feni kubwa nyuma. Tiketi hatujakata. Twende lini, siku ngapi zinatosha, mashua tupande? Na mimi nimekulia Mikindani, mikoko naijua tangu utotoni. Kuna jipya la kunitoa huku mpaka huko? (Mama Salma, Mombasa)

Jibu: Shikamoo, Mama Salma. Nashukuru umeuliza kabla ya kukata tiketi, maana jibu la kwanza ndilo kubwa: msiende Julai.

Mimi mara ya kwanza nilikwenda Julai. Nilijidanganya kwamba mtu aliyewahi kulala Kipini na kuzunguka delta ya Tana hawezi kubabaishwa na mbu wa Marekani. Nikateremka garini pale Flamingo, ncha ya kusini ya mbuga, nikavuta pumzi nifurahie hewa ya bahari, nikameza mbu. Simtanii mtu, nilimeza. Wenzangu walikuwa wamesharudi ndani na kupandisha vioo. Tulikaa dakika kumi hivi, tukaona maji mengi, majani mengi, ndege wawili wa mbali, kisha tukaondoka. Mwaka mwingine nikarudi Machi, na mahali palepale sikupatambua.

Wewe umekulia ukingoni mwa mkondo wa Tudor, kwa hiyo nitakueleza kwa lugha unayoijua. Everglades nako maji hujaa na kupwa, ila hayafuati mwezi, na mzunguko mmoja huchukua mwaka mzima. Mvua huanza Mei hivi na kuendelea mpaka Novemba: hayo ndiyo maji kujaa. Desemba mpaka katikati ya Aprili mvua hukatika, na maji hushuka kidogo kidogo wiki baada ya wiki: hayo ndiyo maji kupwa. Na mtu wa Pwani hafundishwi kwamba ukitaka kuona viumbe unashuka maji yakipwa. Yakijaa samaki wapo, lakini wametawanyika huwaoni. Yakipwa wanabaki kwenye vidimbwi vya mwambani, na kila ndege mwenye mdomo mrefu anajua walipo.

Kwa kalenda yetu, basi, kaskazi ikishashika ndipo kwao kunakauka. Mkienda na mjukuu mna nafasi mbili. Likizo ya Desemba ni nzuri, ingawa maji bado hayajashuka sana. Likizo ya Aprili ni bora zaidi, mradi muwahi mwanzo wake, kwa sababu hapo maji yamefika chini kabisa na wanyama wamesongamana. Mtaacha masika yanaanza Mombasa, mkute ukame wao unamalizika. Julai si mbu peke yake: Juni mpaka Novemba ni msimu wa vimbunga, na karibu kila alasiri kuna radi ya kukurudisha garini.

Sasa, hicho kidimbwi. Kuna mahali panaitwa Royal Palm, dakika chache tu baada ya lango la mbuga la upande wa mji wa Homestead. Kutoka hapo kuna njia fupi ya kilomita 1.3 kwenda na kurudi, sehemu yake lami na sehemu daraja la mbao juu ya maji, tambarare kiasi kwamba mzee mwenye kiti cha magurudumu anapita. Inaitwa Anhinga Trail. Mkiwa na nusu siku tu, ni hapo na msiende kwingine. Mwezi ule wa Machi nilisimama kwenye hilo daraja juu ya bwawa la ukubwa wa sebule mbili. Aligeta sita, ndugu wa mamba wetu, walikuwa wamelala kama magogo yaliyopakiwa vibaya, mmoja kampandia mwenzake mgongoni. Hatua tatu kutoka puani mwa mmoja wao alisimama yangeyange, mweupe, anatazama maji bila haraka. Na juu ya tawi, mbizi.

Mbizi unamjua, hata huku tunao, ila sikuwahi kumwona kwa karibu namna ile. Anazama mwili mzima, kinachobaki juu ni shingo tu kama nyoka anayeogelea. Akaibuka na samaki wa ukubwa wa kiganja aliyechomwa ubavuni kwa mdomo, kama mshikaki. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu samaki akiwa bado amechomwa mdomoni hamezeki. Alimgonga kwenye tawi mara mbili tatu, akamrusha hewani na kumdaka kichwa kwanza. Shingo ikavimba, ikateremka, basi. Kisha akafungua mabawa akayaanika. Manyoya yake yanalowa maji, tofauti na ya bata, na ndiyo maana anaweza kuzama vile. Gharama yake ni kwamba kila akitoka majini lazima asimame juani kama kanga zilizoanikwa kambani. Mjukuu wako atamtazama huyo kuliko mamba, niamini.

Mabwawa kama hayo mengi huchimbwa na aligeta wenyewe. Anakwangua tope na mizizi kwa pua, miguu na mkia mpaka chini kwenye mwamba, na ukame ukija shimo lake ndilo lenye maji. Samaki, kasa, vyura na ndege wote wanahamia kwake. Baadhi yao anawala mmoja mmoja, lakini bila yeye wengi wasingefika mvua ya Mei. Kodi ya nyumba, tuseme.

Jambo linalowapoteza wageni, hasa sisi tuliozoea Tsavo, ni kukaa garini tukisubiri mnyama atokee. Pale huna mlima, huna bonde, huna simba. Sehemu ya juu kabisa ya ardhi ya asili mbugani haizidi mita 2 na nusu juu ya usawa wa bahari. Ukitazama kwa macho ya Tsavo utaona uwanja wa majani mpaka upeo wa macho na utauliza: ndiyo hii? Hayo majani yenyewe si nyasi, ni jamii ya mafunjo, na kingo zake zina meno kama msumeno, msimwache mtoto apitishe mkono. Chini yake kuna maji ya kina cha goti au kifundo, na maji hayo hayajatuama. Ni mto. Kiasili ulianzia Ziwa Okeechobee ukashuka kusini hadi baharini, upana wake mahali pengine karibu kilomita 100, ardhi ikiinama kiasi cha sentimita 3 kwa kila kilomita. Mto mpana kama mwendo wa kutoka Mombasa mpaka Malindi ukiondoa vijiji vichache vya mwisho, na unatambaa hata huoni ukitambaa.

Kwenye ardhi bapa namna hiyo, kimo cha nusu mita ni mlima. Ukiona kichaka cha miti katikati ya majani, jua hapo pameinuka kidogo tu, na hicho kidogo kinatosha kuleta msitu wa miti migumu yenye kivuli. Pembeni mwa Royal Palm kuna kijia cha pili kinachoingia kwenye msitu wa aina hiyo. Humo kuna mti wenye gome jekundu linalobambuka vipande, na wenyeji wanauita mti wa watalii. Wewe uliyeona wageni wa Nyali siku yao ya tatu huhitaji maelezo.

Umeniuliza kama kuna jipya kwa mtu wa mikoko. Nendeni mpaka Flamingo, kilomita 61 kutoka lango la Homestead, mje mnijibu. Sisi Kenya tuna aina tisa za mikoko. Wao wana tatu tu, na utazitambua kama watoto wa shangazi. Wa mbele kabisa wenye magongo ni wa jenasi moja na mkoko wetu halisi, ule wa boriti na pau. Wa nyuma yake, unaotoa mizizi wima kama penseli zilizochomekwa topeni, ni ndugu wa mchu. Lamba jani lake utaonja chumvi ileile. Wa tatu, wa juu zaidi, yuko katika ukoo mmoja na kikandaa. Ila angalia tofauti hii. Huku bamvua ya Kilindini inapandisha maji zaidi ya mita 3, mikoko yetu inajipanga kwa kufuata bahari. Kule Ghuba ya Florida ni kina kifupi na maji yake hayachezi sana, kwa hiyo mikoko inatazama nyuma: inategemea maji baridi, yasiyo na chumvi, mangapi yameshuka kutoka bara. Maji ya bara yakipungua, chumvi inapanda na mikoko inaingia ndani kwenye uwanja wa majani. Mtu aliyeona mikoko ya Mwache ikifa kwa kufukiwa na tope la mvua za El Niño za 1997 na 1998 anaelewa haraka kwamba mkoko hauliwi na shoka tu.

Na hapo Flamingo, bandarini kwa mashua ndogo, kuna mambo mawili ya kutazama chini. La kwanza ni nguva wao. Nguva wetu, wachache waliobaki, mkia wake umegawanyika kama wa pomboo. Wa kwao ana mkia wa duara kama kafi. Anatoa pua, anapumua kama mtu aliyechoka, anarudi chini. La pili ni mamba halisi. Kusini mwa Florida ndiko mahali pekee duniani ambapo aligeta na mamba wanaishi pamoja porini. Aligeta ni mweusi, pua pana ya mviringo, hupenda maji baridi. Mamba ni wa rangi ya majivu, pua imechongoka, na jino la nne la taya ya chini linaonekana hata akifunga mdomo. Mwaka 1975 waliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, walibaki mia chache tu Florida. 2007 wakapandishwa daraja kwa sababu wameongezeka.

Je, ni wa kuogopwa? Hawa si mamba wa mto Tana wanaovizia wachota maji. Lakini mamba ni mamba. Sheria ya mbuga ni kukaa mbali nao angalau mita 5, na kuwalisha ni kosa la jinai. Anayelishwa anajifunza kumfuata mtu, kisha inabidi auawe. Mjukuu asichezee ukingoni mwa maji, akae upande wa ndani wa njia, hivyo tu.

Chatu ni habari nyingine, nao hamtawaona. Hao si wa Florida, ni wa Asia, walifugwa majumbani wakatoroka au wakatupwa walipokuwa wakubwa. Kufikia mwaka 2000 ilishathibitika kwamba wanazaana mbugani. Wana rangi ya majani makavu, unaweza kusimama hatua mbili kutoka kwa chatu wa mita 4 usimwone. Hakuna mtu aliyeuawa na chatu wa porini Florida. Walioumia ni wanyama wadogo: utafiti uliotangazwa 2012 ulikuta rakuni wanaoonekana usiku barabarani wamepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Ukipita usiku, ukimya wa pembezoni mwa barabara ndio alama ya chatu.

Mashua za feni. Najua mjukuu ameshaziona na ameshaamua. Sehemu kubwa ya mbuga tangu 1978 ni nyika iliyolindwa kisheria, na mashua hizo haziruhusiwi humo. Zinaendeshwa na makampuni kando ya barabara ya Tamiami, kaskazini mwa mbuga. Zina kelele ya ndege inayotaka kupaa, mnapewa vya kuziba masikio, na mnyama mwenye akili anakuwa ameshaondoka. Kama ni pesa zangu ningepanda baiskeli. Lakini kama ahadi imeshatolewa, pandeni nusu saa siku ya pili, baada ya mtoto kuona mbizi kimya kimya. Mkianza na mashua, kila kitu baadaye kitamchosha.

Siku mbili zinatosha, na hesabu iko hivi. Malango makuu matatu hayaunganiki kwa ndani. Ukitoka moja kwenda jingine unatoka nje na kuzunguka. Siku ya kwanza nendeni Shark Valley, kando ya barabara ya Tamiami, kama saa moja kutoka Miami. Kuna njia ya lami ya mviringo ya kilomita 24 isiyoingia magari ya watu. Kuna kitreni cha matairi chenye mwongoza watalii, saa mbili kwenda na kurudi, na katikati kuna mnara wa kupanda. Kwa wewe na mzee kitreni ndiyo chenyewe. Binti na mtoto wakipenda wakodi baiskeli. Aligeta wanalala kandokando ya lami kama mbwa wa Makupa. Siku ya pili ni lango la Homestead: Royal Palm asubuhi mapema, kisha taratibu mpaka Flamingo, mkisimama njiani kwenye vituo vyote vyenye daraja la mbao. Hakuna matatu ya kufika huko, ni gari la binti. Lango la tatu, Everglades City upande wa magharibi, ni la wenye mitumbwi. Kuna njia ya majini ya kilomita 159 kutoka hapo mpaka Flamingo, na wapiga kafi hulala juu ya madungu ya mbao yaliyosimikwa majini kwa sababu ardhi kavu hakuna. Nimeiweka akiba mpaka magoti yangu yakubali.

Ukipita barabara hiyo ya Tamiami, itazame kwa jicho baya kidogo. Ilikamilika 1928 na ikawa ukuta uliokata mto katikati, pamoja na mifereji iliyokausha nusu ya kinamasi cha zamani kwa ajili ya mashamba na miji. Mwaka 2013 walinyanyua kipande cha kwanza kuwa daraja ili maji yapite chini, na 2019 wakaongeza kingine. Ni sehemu ya kazi kubwa ya ukarabati wa Everglades. Sababu si ndege tu. Maji wanayokunywa Miami hutoka kwenye mwamba wa chokaa unaojazwa na kinamasi hicho, kama sisi tunavyokunywa maji ya chemchemi ya Mzima huku tukiamini maji yanatoka bombani.

Pesa. Kiingilio ni dola 35 kwa gari kwa siku saba, na hawapokei noti, ni kadi tu. Ila kuna jipya: kuanzia Januari 2026 mbuga 11 za Marekani, Everglades ikiwemo, zinamtoza asiye mkazi dola 100 za ziada kwa kila mtu wa miaka 16 na zaidi. Miaka yote tumewatazama wageni wakilipa bei yao na sisi bei yetu langoni Tsavo; sasa zamu yetu. Binti aje na kitambulisho chake cha ukazi, mjukuu kwa umri wake amesalimika, ninyi wawili hesabuni 200 juu ya ile 35. Pasi ya mwaka ya wasio wakazi ni dola 250, ifikirieni kama mna mbuga nyingine safarini. Wiki ya safari binti aangalie tena tovuti ya mbuga.

Nguo: msidanganywe na jina la nchi ya joto. Mchana ni kama nyuzi 25, lakini usiku unaweza kushuka mpaka 12, na aliyetoka kwenye kaskazi ya Mombasa hiyo ni baridi. Chukueni sweta. Baibui jeusi linavuta joto na mbu pia. Dera la rangi nyepesi lenye mikono mirefu na mtandio litakufaa zaidi. Dawa ya mbu hata wakati wa ukame, hasa Flamingo, na jioni kuna usubi. Jazeni mafuta Homestead, na chakula fungeni nyumbani kwa binti, maana njiani hakuna kibanda hata cha mahamri. Simu hukatika katika sehemu nyingi. Kwa swala, Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini moja kwa moja. Kule kibla ni kaskazini mashariki.

Mtoto aombe kitabu cha kazi cha watoto kwenye kituo cha wageni mnapoingia. Akijaza anakula kiapo mbele ya askari wa mbuga na kupewa beji. Akiikosa atawalaumu mpaka Mikindani.

Na jambo la mwisho, la Royal Palm. Kuna tumbusi pale maegeshoni, weusi, wanatembea kati ya magari kama mafundi wa gereji. Wanapenda mpira. Watang'oa raba za waipa na ile inayozunguka kioo cha mbele, wakiwa na subira ya ajabu. Gari letu la kukodi lilirudi na waipa moja, na sikuwa na maelezo ya kuaminika kwa aliyelipokea. Maegeshoni hapo mbuga imeweka maturubai na kamba za kufungia, bure. Funikeni gari kabla ya kutazama ndege yeyote, na mkiondoka mlirudishe turubai kwenye sanduku lake.